Sifuri Si Sawa na Tupu: Kupima Nguvu za Wazee Wetu

Wasomaji wangu, leo naweka kando habari za simu mpya na programu za kupakua. Nataka tuzungumze kuhusu kiti. Ndiyo, kiti cha kawaida, kile cha mbao kisicho na mikono. Pamoja na kiti hicho tuchukue saa inayohesabu sekunde, na mzee wa miaka 70 na ushee anayetaka kujua kama miguu yake bado ina nguvu. Nimeandika programu ndogo ya kumpima mzee huyo, na kazi hiyo imenifundisha jambo kuhusu data ambalo chuoni tulilipitia kwa dakika kumi tu kisha tukaendelea na mengine.

Kazi yenyewe ilikuja hivi. Kijijini kwetu, upande wa Njoro, kuna kikundi cha wazee wanaokutana kila Jumatano katika ukumbi wa kanisa kufanya mazoezi. Anayewaongoza ni muuguzi mstaafu ambaye kila mtu humwita Sista. Nyanya yangu ni mwanachama. Sista alikuwa na daftari la vipimo na fomu aliyoipata zamani kwenye semina, na alitaka mambo hayo yaingie kwenye simu ili asiwe akijumlisha kwa mkono kila baada ya miezi mitatu. "Wewe si umesomea kompyuta?" akaniuliza. Kijijini, swali hilo lina jibu moja tu.

Fomu ilikuwa na kipimo kimoja kikuu. Mzee anaketi, anakunja mikono kifuani, kisha anasimama na kuketi mara 5 kwa haraka awezavyo. Unaandika sekunde alizotumia. Ni rahisi, na ni kipimo chenye heshima zake. Nikafungua daftari kuangalia data niliyokuwa naenda kuingiza. Wazee wengi walikuwa na namba: 11, 13, 14. Lakini majina kadhaa yalikuwa na kistari tu.

"Sista, hiki kistari ni nini?"

"Hao hawakumaliza mara tano."

Hesabu ya kistari

Mtu yeyote aliyewahi kutumia jedwali la Excel anajua nafasi isiyo na namba hufanywa nini wakati wa kutafuta wastani: inarukwa. Kompyuta haiulizi kwa nini nafasi hiyo ni tupu. Inachukua zilizojaa, inajumlisha, inagawanya, inakupa jibu safi.

Sasa fuata mfano huu nami. Chukua wazee watano. Wanne wanamaliza kwa sekunde 11, 12, 13 na 14. Wa tano hawezi kumaliza, anaandikiwa kistari. Wastani wa kikundi ni sekunde 12.5. Safi. Miezi mitatu inapita, wanafanya mazoezi, na yule wa tano, baada ya kuhangaika sana, anafaulu kusimama mara zote 5 kwa sekunde 40. Wale wengine wamebaki pale pale. Wastani mpya? Jumlisha 11, 12, 13, 14 na 40, gawa kwa 5. Unapata sekunde 18.

Kwa karatasi, kikundi kimezorota. Na kimezorota kwa sababu mtu aliyekuwa dhaifu kuliko wote amepata nguvu! Mfadhili akiona ripoti hiyo atauliza mazoezi haya yana faida gani. Sista mwenyewe angeweza kujiuliza. Na kiongozi mwenye haraka ya kuonyesha matokeo mazuri angejifunza somo baya sana: kwamba ni heri wadhaifu wasije siku ya kupima.

Hapo niliacha kuandika msimbo nikaanza kusoma.

Wenzetu walivyolitatua

Nilichokuta ni kwamba tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Csuka na McCarty, walichapisha njia rahisi ya kupima nguvu za miguu: kusimama kutoka kitini mara 10 huku saa ikihesabu. Kwa mtu mwenye nguvu, ni kazi ndogo. Kwa mzee wa miaka 85, mara 10 ni mlima. Mwaka 1994 Jack Guralnik na wenzake walichapisha seti ya vipimo vitatu kwa wazee: kusimama wima bila kuyumba, mwendo wa kutembea, na kusimama kitini mara 5. Wao waliliona tatizo la kistari, na hawakuacha sekunde peke yake. Kila kipimo kinapewa alama kuanzia 0 hadi 4, na asiyeweza anapata 0. Jumla ni kati ya 0 na 12, na kila mzee ana alama. Fomu ya Sista ilikuwa imechukua zile mara 5 na kuziacha alama.

Kisha kuna Roberta Rikli na Jessie Jones, maprofesa wa chuo kikuu cha jimbo la California kule Fullerton. Hawa waliunda seti nzima ya vipimo vya siha kwa wazee na kuichapisha mwaka 1999. Katika kipimo cha kiti waligeuza swali. Badala ya kuuliza "utatumia sekunde ngapi kusimama mara kadhaa?" waliuliza "utasimama mara ngapi katika sekunde 30?"

Ukiwa mwandishi wa programu, simama hapo kidogo uone uzuri wake. Ukifunga idadi na kupima muda, kuna watu ambao jibu lao halipo. Ukifunga muda na kuhesabu, kila mtu ana jibu. Sekunde 30 zitakwisha kwa kila mtu, awe na nguvu au asiwe nazo. Asiyeweza kusimama hata mara moja anapata 0, na 0 ni namba. Unaweza kuijumlisha, kuilinganisha, na zaidi ya yote, unaweza kuishinda.

Rudi kwa wale wazee wetu watano. Katika sekunde 30 tuseme wanasimama mara 13, 12, 11, 10 na 0. Wastani ni 9.2. Baada ya miezi mitatu yule wa tano anafika 3. Wastani ni 9.8. Umepanda, kama ulivyopaswa kupanda. Wazee ni wale wale, mazoezi ni yale yale. Kilichobadilika ni namna tulivyowauliza.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotoa kipimo cha kutembea. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alichapisha kipimo cha kukimbia dakika 12, ambapo unapima umbali. Hicho kilikuwa cha vijana wa jeshi. Mwaka 1976 madaktari wa Uingereza walikichukua wakakifanya kuwa kutembea dakika 12, kwa wagonjwa wa mkamba sugu ambao pumzi zao ni za shida. Mwaka 1982 wenzao wa huko huko wakajaribu dakika 2, 6 na 12. Leo dakika 6 ndizo zinazotumika zaidi hospitalini. Mgonjwa anaruhusiwa kupunguza mwendo, kusimama na kupumzika, saa ikiendelea. Kipimo cha askari kimekuwa cha mtu anayehema, na kilichobaki palepale ni wazo la kufunga muda na kuhesabu kilichofanyika.

Kanuni za kiti

Kabla hamjakimbilia kuwapima wazazi wenu, hizi ndizo kanuni zenyewe:

1. Kiti kiwe na urefu wa sentimita 43 hivi kutoka chini hadi pa kukalia, kiwe na mgongo, kisiwe na mikono, na kiegemezwe ukutani kisiteleze.
2. Mzee aketi katikati ya kiti, nyayo zikanyage chini, mikono ikunjwe kifuani kila kiganja kwenye bega la upande wa pili.
3. Ukisema "anza", anasimama wima kabisa, kisha anaketi kabisa. Hiyo ni moja.
4. Sekunde 30 zikiisha akiwa amepita nusu ya kusimama, mhesabie.
5. Akitumia mikono kujisukuma, kanuni inasema ni 0.
6. Mtu asimame kando yake wakati wote. Akisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi kumkata, acheni mara moja. Mwenye presha isiyodhibitiwa au ugonjwa wa moyo apate kwanza ruhusa ya daktari.

Kanuni namba 1 pekee ilituchukua asubuhi nzima. Viti vya plastiki vya ukumbini vina mikono, na miguu yake hupinda mzee akikaa kwa uzito. Mabenchi ya kanisa ni marefu kuliko inavyotakiwa. Vigoda ambavyo nyanya zetu hukalia jikoni ni vifupi mno, na kusimama kutoka kigodani ni kazi nyingine kabisa. Nilizunguka na tepu ya fundi cherehani hadi tukapata kiti kimoja cha mbao katika ofisi ya katibu wa kanisa: sentimita 44. Tukakiandika nyuma kwa rangi, "KITI CHA KUPIMIA", na programu ikapata sehemu ya kuandika urefu wa kiti. Anayetumia kiti kingine anaandika urefu wake, na programu haichanganyi matokeo ya viti viwili. Sentimita chache zinatosha kumpa mzee mara mbili zaidi au kumnyang'anya.

Kipimo cha mikono nacho kilihitaji akili ya nyumbani. Rikli na Jones wanataka mzee akunje mkono akiwa ameshika uzani kwa sekunde 30: ratili 5 kwa wanawake, ratili 8 kwa wanaume. Hizo ni kilo 2.27 na kilo 3.63. Mtu wa kwanza alipendekeza pakiti ya unga ya kilo 2. Inakaribia, lakini haishikiki vizuri, na ikipasuka hasara ni ya mwenye unga. Tukatumia mitungi midogo ya plastiki yenye mkono. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo unaweka mtungi kwenye mizani ya dukani na kumimina maji hadi mizani iseme kilo unazotaka. Gharama: sufuri.

Kwa kutembea tulikosa sehemu tambarare ya mita 30, na msimu wa mvua uwanja wa kanisa ni tope. Bahati nzuri seti yao ina mbadala: kupiga hatua papo hapo kwa dakika 2, goti likiinuliwa hadi katikati ya kifuniko cha goti na mfupa wa nyonga. Unabandika utepe ukutani kwenye urefu huo, halafu unahesabu goti la kulia kila linapofika. Wazee wameupenda kuliko kipimo kingine chochote. Wanaimba wakipiga hatua, ingawa ilibidi niwaombe wasiimbe wimbo wa kasi.

Umri: sehemu inayohitaji kujazwa

Programu nyingi za afya hukataa kuendelea hadi uandike tarehe ya kuzaliwa. Mzee mmoja nilipomuuliza alinijibu, "Mjukuu, mimi nilizaliwa wakati wa Emergency." Kwake hilo ni jibu kamili. Lakini hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na ikaondolewa Januari 1960. Kati ya hapo kuna miaka saba na zaidi, ilhali majedwali ya vipimo hivi yamegawanya umri kwa miaka mitano mitano. Mzee huyo anaweza kuwa katika kundi hili au lile.

Nilichofanya ni kuruhusu sehemu ya umri kuwa na namba mbili, mwanzo na mwisho, au kuachwa. Hapa tupu ni haki yake, kwa maana kweli hatujui. Kumbe basi kuna tupu ya aina mbili: ile ya "hatujui" na ile ya "tulijaribu, hakuweza". Ya kwanza iache tupu. Ya pili ni sifuri, na lazima iandikwe.

Na hata umri ukijulikana, majedwali hayo yatumiwe kwa uangalifu. Yalitokana na Wamarekani zaidi ya 7,000 wenye umri wa miaka 60 hadi 94, wengi wao Wazungu. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kimeyatoa kwa lugha rahisi: mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akisimama chini ya mara 10, au mwanamume wa umri huo chini ya mara 12, yuko chini ya wastani na huenda yuko katika hatari ya kuanguka. Kwa miaka 80 hadi 84 ni chini ya 9 na chini ya 10. Ni mwongozo mzuri wa kuanzia. Lakini nyanya aliyelima maisha yake yote, akachota maji mtoni na kubeba kuni, na leo magoti yanamuuma, sijui kama ndiye aliyekuwa akilini mwa waliopanga jedwali hilo. Kwa hiyo skrini ya kwanza ya programu inamlinganisha mzee na nafsi yake: leo na miezi mitatu iliyopita. Jedwali liko ukurasa wa pili, kwa Sista.

Tulivyobishana kuhusu mikono

Mimi na Sista tulibishana jambo moja tu, nalo ni kanuni namba 5. Mimi nilitaka kuifuata neno kwa neno: mikono ikitumika, 0. Vinginevyo data haifanani na ya wengine. Sista akasema, "Kijana, mtu anayejisukuma kwa mikono mara saba na mtu asiyeweza kutoka kitini kabisa si sawa. Huyu wa pili nikimkuta nyumbani peke yake nashtuka."

Ana haki. Nilipotafuta nikakuta wataalamu wengine nao wametengeneza toleo la kipimo hiki linaloruhusu mikono. Basi tukaweka sehemu mbili, na kiti cha pili chenye mikono imara. Ya kwanza ni bila mikono, na hapo 0 inabaki 0. Ya pili ni kwa msaada wa mikono, inafunguka tu pale ya kwanza ikiwa 0. Hazijumlishwi kamwe. Vivyo hivyo kwa fimbo katika kipimo cha kuinuka, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kuketi. Podsiadlo na Richardson, waliokiwekea saa mwaka 1991, waliruhusu mtu atumie mkongojo aliouzoea. Sisi tunaruhusu, na tunaandika kwamba ametumia.

Programu yenyewe haina maajabu. Inahifadhi kila kitu kwenye simu ya Sista bila kuhitaji mtandao. Maandishi ni makubwa. Anayehesabu ni mtu, kwa kubonyeza kitufe kila mzee anaposimama. Rafiki zangu wameniuliza kwa nini sikutumia vihisi vya simu vihesabu vyenyewe. Jibu ni kwamba simu ingehitaji kuwekwa mfukoni, na leso haina mfuko. Pia nimeondoa mlio wa kuhesabu sekunde za mwisho, kwa kuwa mlio huo humfanya mzee aharakishe, na mzee anayeharakisha huanguka. Majina nayo yamefungwa kwa neno la siri, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Hata bila sheria, hakuna anayependa jirani ajue magoti yake yamefika wapi.

Mistari miwili katika daftari

Kuna nyanya mmoja, rika la nyanya yangu, ambaye katika daftari la zamani alikuwa na vistari vinne mfululizo. Mwaka mzima wa Jumatano, na kwa hesabu hakuwepo. Kwa programu mpya alianza na 0 bila mikono, 4 kwa mikono. Miezi mitatu baadaye: 0 na 7. Miezi sita: 2 bila mikono. Kwa jedwali la Marekani, 2 ni chini, chini sana. Kwake yeye, 2 ni kuinuka asubuhi bila kusubiri mjukuu atoke shuleni. Alimwambia Sista amuonyeshe hiyo namba kwenye simu, akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Na ile ya zamani ilikuwa sifuri?" Akacheka. Alikuwa amefurahia hata ile sifuri.

Kuna pia babu mmoja aliyeshuka kutoka 11 hadi 6 katika miezi mitatu. Kwa macho alikuwa mzima, anatania kama kawaida. Sista alipoiona tofauti hiyo alimfuata nyumbani na kumpeleka kituo cha afya, na dawa zake zikaangaliwa upya. Namba haikumwambia Sista tatizo ni nini. Ilimwambia tu nani wa kutembelewa wiki hiyo.

Kwa wenzangu mnaoandika programu za wakulima, wanafunzi, wagonjwa, au watu wowote wale: fungueni hifadhidata zenu leo mtafute nafasi tupu. Kwa kila moja ulizeni ni nani yuko hapo, na kama kweli hatujui habari zake au tulimuuliza swali asiloweza kujibu. Kama ni swali, libadilisheni.

Na kwa ninyi wengine wenye mzazi au nyanya nyumbani, kiti mnacho, na simu ina saa. Simama kando yake, mhesabie, andika namba na tarehe. Ikiwa ni sifuri, andika sifuri. Kisha mpime tena baada ya miezi mitatu.